Kwa Masikio Yake Mwenyewe

Taarifa ya habari ya mchana ilisema kuanzia leo mtu anaruhusiwa kunakili wimbo alioununua, mradi ausikilize mwenyewe. Mdogo wangu Mwanahawa alikuwa akikuna nazi. Hakuinua kichwa.

Alifungwa miezi minane kwa kosa hilohilo. Aliununua kwenye simu wimbo wa taarab ulioimbwa harusini kwake, akaunakili kwenye redio ya jikoni ili ausikie akipika. Aliyemshtaki nilikuwa mimi. Kanga za sare za harusi ile aliwagawia mashoga zake, mimi dada yake akanisahau. Nilidhani watamtoza faini tu. Mpaka leo sijamwambia.

"Basi urudishe redioni ule wimbo, mdogo wangu," nilisema. "Sasa ni ruhusa."

Akanawa mikono, akaunakili. Fidla zikajaa jikoni. Nikavuta kigoda nikae naye kama zamani.

Akaizima redio.

"Sheria inasema nisikilize peke yangu, dada," alisema kwa upole. "Na wewe wazijua sheria kuliko mimi."

Nilikuwa bado natafuta kiatu changu cha pili mlangoni wimbo ulipoanza upya.