Time wa Tatu

Siku ya saba, nywele za mtoto zilipokwisha kunyolewa, Bi Time alimpakata mjukuu wake ili amwite jina sikioni. Jina lilikuwa lake mwenyewe, lile lile walilopewa wajukuu wawili waliotangulia. Wote wawili hawakufikisha siku arubaini.

"Mama, huyu tumpe jengine," mzazi, mke wa mwanawe, alisema kwa sauti ya chini.

"Jina langu lina kosa gani, mwanangu? Kijiji kizima hiki cha Tumbe kimejaa akina Time. Mwalimu wa chuoni, Time. Muuza pweza, Time. Mke wa imamu kazaa kumi, naye Time! Mbona hao hawafi?"

Wanawake waliohudhuria wakacheka. Mzazi hakucheka. Hakuwa na kinyongo na mkwewe, maana ndiye aliyewaosha wale wawili kwa mikono yake, huku akilia. Alitaka tu huyu abaki.

Bi Time akainama, midomo karibu na sikio. Mzazi akawahi kuliziba kwa kiganja.

Sikio lilikuwa la moto, kama yalivyokuwa ya dada zake kabla hawajafa.

Na jina lilikuwa bado halijatamkwa.