Kichupa cha Pili

Mwanaidi alipomwona daktari akirudi na sindano, alinyanyuka. Siku ile moyo wa mumewe, Shomari, ulipokaribia kusimama, walimtoa damu. Leo ameketi kitandani anakunywa uji. Wanaitaka tena ya nini?

“Mama, moyo ukiumia, maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe zake hubadilika utendaji,” daktari alimwambia. “Mengine hunyamaza. Mengine huamka, hata yale yaliyofanya kazi mtu akiwa bado tumboni mwa mama yake. Dalili zake tunazitafuta kwenye damu.”

“Umesikia, mke wangu? Nimerudi kuwa kichanga,” Shomari alicheka. “Sasa utanibeba mgongoni.”

“Nyamaza wewe!” Mwanaidi alimkemea. Akamgeukia daktari. “Hayo yaliyoamka yanamponya au yanammaliza?”

“Mwanzoni husaidia. Yakikataa kulala tena, moyo huchoka. Hilo ndilo tunalotaka kujua, tukilinganisha na damu ya kwanza.”

Shomari aliweka bakuli chini na kunyoosha mkono, kicheko kimemwisha. Damu ikajaa kichupani, nyeusi kuliko Mwanaidi alivyotazamia. Daktari akampa akishike kidogo, huku yeye akikandamiza pamba kwenye mkono wa mgonjwa.

Kichupa kilikuwa na joto, kama yai lililotagwa sasa hivi. Mwanaidi alikifumbata. Kiganjani mwake kitu kilidunda, kikatulia, kikadunda tena, na hakujua kama ni mapigo yake mwenyewe.

“Haya mama, nipe,” daktari alisema.

Vidole vya Mwanaidi havikufunguka.