Maji ya Kunyolea

Keziah alirudi na ndoo ya maji kutoka mto Hudson; alikwenda yeye, maana waasi wa Kimarekani walikuwa wakiwapiga risasi wanaume tu. Majeruhi wa Kiingereza walimtolea ndimi zilizokauka kama soli ya kiatu.

Mtumishi wa jemadari wao akaidaka ndoo. "Lete, mama. Leo tunasalimu amri. Bwana mkubwa hawezi kwenda mbele ya wale washamba akiwa na ndevu."

Keziah akaivuta ndoo kwake.

"Ngoja kwanza."

Akawanywesha majeruhi wote. Kisha akafungua kitambaa kilichonuka kwenye mguu wa mumewe, askari aliyelala miongoni mwao, akakisuuza ndani ya ndoo hadi maji yakageuka damu na usaha.

Akamsukumia mtumishi ndoo.

"Haya, kamnyoe bwana wako."