Maji Yameshuka

Gurudumu lilikataa kuzunguka. Mzee Pampu akatema mate viganjani, akaishika hendeli upya, akaisukuma kwa uzito wa mwili wake wote. Likatii shingo upande.

"Endelea, baba," mkaza mwana wake akamhimiza kutoka upande wa bomba. "Watoto hawajaoga."

Maji yakaanza kumwagika ndooni. Mzee akatabasamu. Macho yalikwisha kumtupa mkono, haoni hata kivuli, lakini nguvu bado anazo. Pampu hii aliifunga mwenyewe, enzi zile akiwa fundi wa mitambo ya maji, hapa uani kwenye nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali. Hakutaka kula cha bure kwa mtu, hata mtu huyo akiwa mwanawe wa pekee.

"Mbona siku hizi limekuwa zito hivi?" akauliza akihema.

"Maji yameshuka, baba," mwanawe akajibu. Naye alikuwa fundi. Kila alichokijua alifundishwa na mzee. "Ukame huu si mchezo."

"Nasikia kama kitu kinakwaruza."

"Beringi nimezipaka grisi mwenyewe. Au umechoka? Basi acha, tutanunua maji."

Maneno hayo yakamchoma. "Nani kachoka? Dude hili nilikuwa nalizungusha wewe uko mgongoni, tena unanikojolea!"

Wote watatu wakacheka.

"Na ni dawa pia," mwana akasema. "Si daktari alisema moyo wako unataka mazoezi?"

Mzee akazungusha. Jasho likamtiririka, kifua kikabana kama kimefungwa kamba, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Angesemaje, na wajukuu wanasubiri maji? Alizungusha mpaka akasikia ndoo ya mwisho inafurika. Kisha akapapasa ukuta hadi chumbani, roho yake nyeupe: leo tena wataoga kwa jasho lake. Akajitupa kitandani na viatu miguuni.

Uani, mkaza mwana akafunga bomba la mjini. Mumewe akafunua kifuniko cha pampu. Hapakuwa na fimbo ya kuvuta maji iliyoshuka popote. Kisima chenyewe kilikwisha kufukiwa. Palikuwa na breki ya lori kuukuu tu, imeibana ekseli ya gurudumu kwa bolti moja.

"Kwani daktari alisema nini hasa?" mke akanong'ona.

"Asinyanyue hata ndoo."

Mke akaitazama nyumba, toka paa hadi msingi. Kisha akampa mumewe spana.

"Basi kaza kidogo."