Uzi Mwekundu

Fundi cherehani alisoma katika daftari la chama cha wapandaji kwamba kamba ilikaguliwa Alhamisi, na sahihi ya shemeji yake, kiongozi wa msafara, ilikuwa pale chini imekolea wino. Lakini mdomo wa mfuko wa kamba ulikuwa bado umeshonwa kwa uzi mwekundu, ule ule alioushonea yeye mwenyewe mwezi uliopita.

Akaukata uzi kwa meno. Akaipitisha kamba vidoleni taratibu, huku wapandaji tisa wakivaa kofia ngumu chini ya jabali. Karibu na katikati, vidole vikazama. Nje kamba ilikuwa nzima, ndani imelegea kama mto wa kulalia uliochoka.

“Shemeji, hii uliikagua kweli?”

“Maswali gani hayo mbele za watu? Hapa sote tunajitolea, hakuna anayelipwa. Niamini.”

“Nakuamini.” Akamnyooshea ncha ya kamba. “Basi jifunge, utangulie.”

Shemeji akacheka. Akaangalia jabali, akaangalia daftari, akajipapasa mifukoni kana kwamba kuna kitu amesahau nyumbani.

Ncha ikabaki inaning’inia kati yao. Nyuma yao, mmoja baada ya mwingine, wapandaji wakaanza kuvua kofia.