Tabasamu la Meno Sita

Digrii aliishika koki ya bafuni, akaitikisa mara tatu, si mbili wala nne.

"Nimefurahi sana kukutana nawe," aliiambia, akaionyesha meno sita.

"Na yenyewe imefurahi," dada yake alijibu nyuma ya mlango. "Sasa toka, wenzio tunataka kuoga."

Digrii ndilo jina alilobandikwa na mtaa mzima siku aliporudi kutoka chuo kikuu na shahada yake ya kemia. Mwanzoni lilikuwa jina la sifa. Baada ya miaka mitatu na usaili kumi na sita, watoto walilitumia kumtania.

Baba yake, msafisha matangi ya maji, alikuwa mlangoni akifunga begi. Mgongo ulikuwa umeanza kumgomea. Ndani ya begi alisokomeza mabuti mapya ya mpira, namba arobaini na tatu, mguu wa Digrii hasa.

"Leo ni usaili wa kumi na saba," alisema. "Ukikosa, uje moja kwa moja nilipo, uyavae, uingie tangini. Kemia huko pia ipo, mwanangu. Utaikuta chini, imeganda."

Digrii alimwonyesha meno sita. Miezi sita alikuwa akihudhuria kituo cha kuwapika wahitimu mpaka waajirike, na huko hakuna aliyemuuliza habari za kemia. Alifundishwa kuingia mlangoni. Alifundishwa kukaa. Alifundishwa kuucheka mzaha wa bosi kabla haujaisha, ila si kabla haujaanza. Alifundishwa tabasamu: meno manne ni unyonge, manane ni wazimu, sita ndiyo ajira. Na juu ya yote ilikuwepo kanuni ambayo mlezi wake wa pale kituoni, bwana mmoja mwenye tai fupi, aliikariri asubuhi na jioni.

"Usiulize kitu. Anayeuliza ni kazi gani, anachagua. Anayeuliza mshahara, ana njaa. Wewe jibu, tabasamu, shukuru."

Jumatatu ya wiki hiyo mlezi alikuwa amemshika bega. "Ijumaa kuna jopo, lile jengo la vioo, ghorofa ya tatu. Wameniomba mtu mmoja aliyeiva. Nikawaza, nikakuona wewe."

Digrii alifungua mdomo aulize ni kazi gani. Akakumbuka. Akaonyesha meno sita.

"Umeiva kweli," mlezi alisema, machozi yakimlengalenga.

Ghorofa ya tatu, jopo lilikuwa la watu watatu, pamoja na bwana mwenye mvi aliyeketi pembeni na faili lake. Mwenyekiti, kijana wa rika lake, alimpa mkono uliolowa jasho, akautikisa mara tatu kamili. Shati lake lilikuwa jipya. Pini ya dukani ilikuwa ingali kwenye kola. Dada wa kushoto alisoma swali lake kutoka kiganjani. Kaka wa kulia alikuwa akiitikia kwa kichwa tangu Digrii hajasema lolote.

"Udhaifu wako ni upi?" dada aliuliza.

"Napenda kazi kupita kiasi."

"Pole sana," kaka wa kulia alisema kwa uchungu. Bwana wa pembeni akaandika.

Huyo bwana hakumtazama Digrii hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwa wale watatu. Huyu ndiye bosi mkubwa, Digrii aliwaza. Wakubwa hawapotezi macho kwa watu wadogo.

Maswali yaliisha. Watatu walinong'onezana, kisha mwenyekiti akasimama, akajikwaa kwenye kiti, akasimama tena.

"Kwa niaba ya... ya ofisi, nina furaha kukujulisha kwamba umechaguliwa. Karibu katika familia yetu."

Dada wa kushoto alipiga makofi, akasita, akamtazama bwana wa pembeni, akaendelea. Ulimi ulimwasha Digrii aulize ni kazi gani, tena aanze lini. Aliuuma. Alishukuru, akatabasamu, na kwa mara ya kwanza katika miezi sita meno mawili ya ziada yakamponyoka.

Alitoka akitembea kinyumenyume kwa adabu, akaurudisha mlango bila kuufunga vizuri, akapiga simu.

"Baba, nimepata!"

"Nani?" Sauti ilivuma kutoka ndani ya tangi.

"Mimi! Nimepata kazi!"

Ndoo ilianguka huko. "Kazi gani?"

"Sikuuliza, baba."

"Basi ni kubwa hiyo!" Mzee aliangua kilio, na tangi zima likalia naye. "Ngoja, usikate. Jirani yuko hapa chini ananishikia ngazi, na mabuti yake yote mawili yametoboka. Namrushia haya yako. Sitaki uyaone tena maishani mwako!"

Digrii aliegemea ukuta, akafumba macho. Kwenye upenyo wa mlango, sauti ya bwana mwenye mvi ilikuwa tulivu, sauti ya mwalimu.

"Safi sana. Somo la kumpa mtu habari njema mmefaulu wote watatu. Mwenyekiti, toa hiyo pini shingoni. Haya, mwiteni yule kijana mnayemfanyia mazoezi kabla hajaingia kwenye lifti, tumalizie somo la pili: kumwambia mtu amekosa kazi."

"Bado upo, mwanangu?" tangi liliuliza sikioni. "Ameshayavaa! Yamemkaa kana kwamba alipimwa!"