Kiganja cha Mama

Siku hizo jiko la umeme liliwaka kwa kiganja cha mtu tu, na aliyeliacha likiwaka peke yake alifutiwa kiganja maisha, asiweze tena kuwasha jiko lolote.

Mama alibandika maharage, akamwambia Salha, "Nitazamie jiko, mwanangu, nakwenda kumjulia hali mgonjwa hapo chini." Salha akaenda roshani kupiga soga na mchumba wake kwenye simu, hadi sufuria ikaungua. Jiko likajizima, likauliza kwa upole, "Nani alikuwa zamu?"

Nani angemuoa mwanamke asiye na kiganja? "Mama," alijibu Salha.

Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, alisimama mlangoni. "Labda sikukuambia," alisema taratibu. "Uzee huu."

Salha alitaka kumsahihisha, lakini akageuka, akaanza kukwangua sufuria.

Tangu hapo anapika Salha. Mama hukaa kwenye kigoda, akiulizauliza kama yeye mwenyewe alifunga bomba.

Leo mchuzi wa nazi ulipochemka, Mama alikinga kiganja ili aonje, kama zamani. Salha akamdondoshea.

"Chumvi imekolea, mama?"

Mama alilamba, akasita. "Mimi sijiamini tena, mwanangu. Wewe waonaje?"